Siku Hawisa Alipouzima Moto

Hawisa binti Reynold aliihama nyumba yake mara mbili, na ile mara ya kwanza ndiyo iliyomponza, kwa sababu hakuhama sawasawa.

Mtu wa kijiji cha Askerby haambiwi jinsi ardhi inavyotoka mkononi mwa huyu ikaingia mkononi mwa yule. Ngozi ya kondoo iliyoandikwa na kupigwa muhuri wa nta ni kitu kizuri. Inakunjwa, inafungiwa sandukuni kanisani, panya wanaitamani. Lakini ngozi haitoi ardhi. Ardhi hutolewa pale pale juu yake, mchana kweupe, majirani wakitazama. Mwenye shamba huchimbua bonge la udongo na nyasi zake, akachomeka kijiti cha mti uliomea hapo, akamkabidhi anayepokea, kisha akatoka. Hilo la kutoka ndilo kubwa. Atoke yeye, mifugo yake na vyombo vyake, na moyo wake pia kama anaweza. Akirudi kulala humo hata usiku mmoja, basi hajatoa kitu. Amechezea udongo tu.

Hawisa alikuwa na nyumba, mtofaa mmoja mlangoni, na shamba dogo lililoteremka nyuma ya nyumba mpaka kijitoni. Vyote alivirithi kwa baba yake. Watu wa kuishi nao ndio aliokuwa hana. Tauni ile kubwa ilimchukua kwanza mumewe, Thurstan, kisha binti yake Sibil, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amejua kusokota sufu bila kuikata, na mwisho Perkin, mdogo kabisa, aliyekuwa akimwita kila mnyama "mee," awe kondoo, awe mbwa, awe farasi wa bwana mkubwa. Padre wa wakati ule alikuwa ameshakufa kabla yao. Walizikwa na watu waliojifunga vitambaa puani, katika shimo refu nyuma ya kanisa, pamoja na wengine wengi, bila mshumaa na bila jina la mtu kutajwa. Hawisa alisimama mbali kwa sababu walimkataza kusogea.

Baada ya hapo akaishi. Alipanda shayiri, akavuna shayiri. Kwa miaka mingi alipika njegere nyingi kuliko anazoweza kula, kisha siku moja mkono wake ukajifunza kupima za mtu mmoja, na siku hiyo alilia kuliko siku ya mazishi. Aliyekuwa akizungumza naye ni moto. Moto wa nyumba ile ulikuwa katikati ya sakafu, na ulikuwa haujazimika tangu mama yake alipoingia humo akiwa bibi harusi. Kila jioni kengele ya kanisa ikilia, ile ya kufunika moto, Hawisa aliyakusanya makaa, akayafunika kwa kifuniko cha udongo chenye matundu, na asubuhi akayapuliza yakaamka. Thurstan aliupuliza moto ule. Sibil aliupuliza akaunguza nyusi, wakamcheka wiki nzima. Kwa Hawisa hicho ndicho kilichokuwa kimebaki cha jamaa yake: makaa waliyoyapuliza wote.

Kila mwaka, sikukuu ya marehemu wote, padre mpya, Symon, aliwaombea wafu kwa jumla. Hawisa alirudi nyumbani amenuna.

"Wote, wote," alimwambia Emmot, mpika pombe, aliyekuwa akikaa ng'ambo ya njia. "Wote ni nani? Mimi sikuzaa wote."

"We Hawisa, Mungu si kizee wa kusahau. Anawajua."

"Mungu anawajua. Watu je? Nikifa mimi leo, nani atajua kwamba palikuwa na Perkin?"

Emmot akaendelea kukoroga pombe yake. Yeye aliolewa Askerby baada ya tauni. Hata yeye, pamoja na ujirani wote huo, Perkin alikuwa hamjui.

Basi Hawisa akakata shauri. Angewapa wazee wa kanisa nyumba na shamba, ili mapato yake yalipie misa kila mwaka, siku ya pili baada ya sikukuu ya Mtakatifu Martini, na mshumaa wa nta, na majina yasomwe kwa sauti mbele ya altare. Yeye mwenyewe angehamia kwa Emmot, alale kwenye chumba cha mapipa, alipie kwa kusokota sufu. Padre Symon aliiandika hati kwa mkono wake, ikaanza kama zinavyoanza hati zote: Wajue wote waliopo na watakaokuja. Hawisa alimwomba airudie hapo. Padre akadhani hakusikia. Alikuwa amesikia sana. Waliopo hawakumhusu, wanamwona kila siku wanampita. Aliowataka ni hao watakaokuja.

Siku ya kukabidhi, Walter Pynder, mzee wa kanisa, alipokea bonge la udongo na kijiti cha mtofaa kwa mikono miwili, majirani wakaguna kwa kuridhika, kisha wote wakavuka njia kwenda kwa Emmot. Watu wa Askerby hawakosi mahali penye pombe ya bure. Hawisa akavuka nao, na kifurushi chake kwapani, akakaa kwenye kona akasikiliza wenzake wanavyocheka.

Jioni kengele ikalia. Mkono wa Hawisa ukaenda wenyewe kutafuta kifuniko, na kifuniko hakikuwapo. Ndipo moyo ulipomlipuka. Moto! Watu wote wale walitoka, na hakuna aliyekumbuka kuufunika, na paa la nyasi lilikuwa limekauka kwa kiangazi kizima. Akatoka mbio bila kuaga. Akaukuta unawaka taratibu, kama unamngoja. Akakusanya makaa, akafunika, na kwa kuwa mbio zilikuwa zimemkata pumzi, akakaa chini kidogo apumue. Alipofumbua macho palikuwa pamekucha. Naye, kwa mazoea tu, akili haijaamka bado, akainua kifuniko akapuliza.

Moshi ukatoka paani, na aliyeuona ni Hamo.

Hamo alikuwa mtoto wa kaka yake Hawisa, mtu mzima sasa, mwenye mke na rundo la watoto waliobanana katika kibanda nyuma ya karakana ya mhunzi. Kama shangazi yake asingeitoa ile ardhi, ingekuwa yake. Hakuwa mtu mbaya. Lakini mtu anayelala na watoto wake miguuni, kichwani na ubavuni, akiuona moshi ule asubuhi ile, utamwambia aangalie pembeni? Akaenda moja kwa moja kwa Walter.

Mchana watu walikusanyika kwenye baraza ya kanisa. Walter Pynder alikuwa mtu mnene, mpole, anayetoa kila neno kwa shida.

"Bi Hawisa," akasema, "huyu Hamo anasema asubuhi moshi umetoka kwenye ile nyumba."

"Moto uliachwa unawaka," Emmot akadakia. "Ulitaka utoe nini, maziwa?"

"Sijakuuliza wewe, Emmot."

"Basi nakujibu bila kuulizwa. Hawisa kalala kwangu. Kakoroma mpaka kuku wangu wamegoma kutaga."

Watu wakaangua kicheko, na hapo jambo lilikuwa limekwisha. Nani angemwita Emmot mwongo mbele ya umati, halafu jioni aende kumgongea amuuzie pombe? Hamo mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, anachora chini kwa ncha ya kiatu. Hawisa alitakiwa kunyamaza tu.

Alitazama mlango wa kanisa. Majina yale yangesomwa humo ndani, kila mwaka, juu ya uongo. Je, yangefika? Alimfikiria Perkin toharani, anaitwa, anageuka, na sauti inakatikia njiani.

"Ni kweli, Bi Hawisa?" Walter akauliza. "Ulilala kwa Emmot?"

"Nililala kwangu," akasema Hawisa.

Vicheko vikakatika. Emmot akapiga paja lake kwa hasira. Kwangu! Hata angetaka kujipinga asingepata neno baya kuliko hilo.

Padre Symon akashusha pumzi. "Basi yale ya jana si kitu. Hati ninayo, muhuri upo, lakini ardhi bado ni yako. Ukitaka kutoa utatoa upya. Na safari hii moto uzimwe."

"Uzimwe?"

"Umwagiwe maji, mbele ya watu. La sivyo Hamo atasema tena, na mwanawe atasema baada yake, na hiyo misa yako itakuwa kesi mpaka mwisho wa dunia."

Hawisa alirudi kwake, akakaa mbele ya makaa, akakaa sana. Angeweza kuwapa shamba, angeweza kuwapa nyumba. Hakuna aliyemwambia kwamba atatakiwa na huu moto.

Hamo akaja alasiri na kabichi mkononi, asije mikono mitupu. Akainama mlangoni, akatafuta pa kukaa, akakaa pale alipozoea kukaa Thurstan kwa kuwa hakujua.

"Shangazi, mimi sina ugomvi na marehemu."

"Ninajua."

"Nyumba ya babu hii. Watoto wangu wanalala kama samaki kwenye kapu."

"Hilo pia ninajua, Hamo."

"Basi sikiliza. Usihame. Kaa humu humu, ota moto wako, kula matofaa yako. Mke wangu atakuwa anakuletea mchuzi. Siku yako ikifika nitakuzika kwa heshima, na mshumaa. Hutakiwi kufanya chochote. Chochote kabisa! Wewe kaa tu."

Hawisa alihisi maneno hayo yakimwingia mwilini kama joto. Alikuwa amechoka. Baridi ilikuwa inakuja, na chumba cha mapipa cha Emmot kilikuwa na unyevu. Paka wake, Gib, alikuwa amejikunja kando ya moto, ameshakubali kwa niaba yake.

"Na majina?" akauliza.

"Nitayakumbuka mimi. Nitawaombea."

"Haya. Yataje."

Hamo akacheka kidogo, akaona shangazi yake hacheki. "Thurstan," akasema. "Sibil. Na..." Akatazama makaa, akatazama paa. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Na yule mdogo."

"Na yule mdogo," Hawisa akarudia.

"Shangazi, nilikuwa mtoto! Nisamehe. Anaitwa nani? Niambie, sitasahau tena."

Hawisa hakukasirika. Kukasirika kungekuwa nafuu. Alimwonea huruma kijana wa watu, na huruma hiyo hiyo ikamfunga mlango, maana alijua kwamba angelitaja jina pale, Hamo angelishika mpaka njiani na kulidondosha. Na Hamo ndiye mtu wa karibu kuliko wote aliobakiwa nao duniani.

"Utalisikia kanisani," akamwambia. "Chukua kabichi yako, wanao wana njaa."

Wakakusanyika tena kabla ya juma kwisha. Safari hii Hawisa alitoa kila kitu: kinu, sufuria, godoro la majani, kuku mmoja mmoja. Pakawa na zogo dogo kuhusu Gib. Alibebwa hadi njiani akarudi, akabebwa tena akarudi na kulala pale pale.

"Sasa huyu," Walter akasema, na jasho linamtoka, "ni mali ya Bi Hawisa au si mali?"

"Mkabidhi bonge la udongo umuulize," Emmot akasema.

Padre akaamua kwamba paka ni wa nyumba na wala si wa mtu, na watu wakashukuru, kwa sababu hakuna aliyetaka kumshika tena. Hawisa hakucheka. Alikuwa ameshika ndoo.

Alikuwa ameiteka kijitoni mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie. Alipiga magoti kama anavyopiga kila asubuhi, akapuliza mara ya mwisho, makaa yakang'aa mekundu kabisa, mazuri, na kwa kitambo kidogo akadhani hataweza. Kisha akamimina. Ulilia moto ule. Mvuke ukajaa nyumba, majivu yakaruka yakamkaa usoni, na uliponyamaza, nyumba ikanyamaza kimya ambacho Hawisa alikuwa hajawahi kukisikia humo tangu azaliwe. Aliumia. Asikudanganye mtu kwamba alijisikia mtakatifu. Aliumia kama aliyezika kwa mara ya pili, isipokuwa safari hii shimo alilichimba yeye.

Akatoka. Akachimbua udongo, akachomeka kijiti, akampa Walter. Akavuka mtaro uliotenga shamba na njia, na alipogeuka, paa lilikuwa limekaa bila moshi.

"Mtampangisha nani?" akauliza.

"Bado hatujaamua," Walter akasema.

"Mpeni Hamo. Ana watoto." Akajifuta majivu kwa mkono wa gauni, akaingia kwa Emmot.

Kwa Emmot palikuwa na watu kila siku. Hawisa alisokota sufu kati ya mapipa, akasikiliza nyimbo, matusi na mabishano ya ng'ombe, na alikuwa mpweke kuliko alivyokuwa peke yake. Kule alikuwa na mtu wa kumwambia habari za jana. Jioni kengele ikilia bado mkono ulinyanyuka. Emmot alimwona, na mara nyingine alimsukumia kifuniko cha moto wake mwenyewe bila kusema kitu. Hawisa aliyafunika makaa vizuri, lakini moto ulikuwa wa Emmot.

Siku ya misa ikaja na baridi kali. Kanisani walikuwa wachache: Walter, Emmot, vikongwe wawili wasiokosa misa yoyote, na Hamo, aliyekuja akasimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Mshumaa ukawashwa, wa nta kweli kweli. Padre Symon, pua imegeuka nyekundu na meno yanagongana, akasoma.

"Thurstan."

Hawisa alishika kingo za shuka lake.

"Sibil."

Mtu alikohoa.

"Perkin."

Lilitoka lote, kwa sauti, likagonga kuta za kanisa, watu wakalisikia. Hawisa alikuwa amelibeba peke yake miaka yote hiyo, akiogopa hata kuugua. Na kabla hajavuta pumzi, padre, kwa haraka ya baridi, akaunganisha na la nne lililoandikwa chini yake kwa ajili ya siku zijazo.

"Hawisa. Roho zao zipumzike kwa amani."

"Yuko hai huyu!" Emmot akanong'ona, na mnong'ono wa Emmot ulifika altareni. "Padre! Hajafa!"

Padre akainua macho, uso ukambadilika.

"Mwache," Hawisa akasema, akimshika Emmot mkono. "Mwache tafadhali. Ameshasoma."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Kwa mara ya kwanza tangu tauni walikuwa wametajwa pamoja, wanne, mmoja baada ya mwingine, kama walivyokuwa wakikaa kuuzunguka moto.

"Amina," akajibu, kwa ajili yao na kwa ajili yake.

Alipotoka alipitiliza kwa Emmot, miguu ikamchukua barabarani mpaka usawa wa mtofaa. Paa lilikuwa linatoa moshi. Watoto wa Hamo walisikika ndani wakigombana, na Gib alikuwa amekaa mlangoni, amenenepa, akamtazama shangazi wa watu kama mgeni. Hamo akamfikia kwa nyuma, amekimbia.

"Shangazi, ingia. Umekuwa bluu kwa baridi. Ingia uote moto."

Hawisa alikuwa amesimama ukingoni mwa mtaro. Akavuta mguu nyuma.

"Siingii."

"Kidogo tu! Nani atakuona?"

"Hata ile jioni hakuna aliyeniona, Hamo. Nikiingia humo nikasinzia, watasema sikutoka. Wewe hutasema. Atakuja kusema mwanao, au mtoto wa mwanao, na majina yatanyamaza."

Hamo akataka kubishana, akamwangalia, akaacha. Akaruka mtaro akaingia ndani. Hawisa akadhani amekasirika, lakini punde akatoka na chungu kilichojaa makaa, amekishika kwa vitambaa, akakiweka chini katikati ya njia, njia ambayo ni ya mfalme na ya kila mtu. Wakachutama huku na huku, wananyoosha mikono. Theluji nyembamba ilikuwa imeanza kudondoka.

"Shangazi," Hamo akasema. "Perkin. Mimi na yeye, nani alikuwa mkubwa?"

Hawisa akainua macho kutoka kwenye makaa. Tangu walipofukia lile shimo, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari ya mtoto huyo.

"Wewe," akasema. "Alikuwa anamwita kila mnyama mee. Na ulipokuja kututembelea, ukamwibia mkate, akakuita mee na wewe."

Hamo akacheka, kisha akafuta pua kwa kiganja. Wakaota mpaka makaa yakafunikwa na majivu. Hamo akaruka mtaro kurudi upande wa nyumba. Hawisa akasimama kwa kujikongoja, akakinyanyua chungu, akampitishia juu ya mtaro kwa mikono iliyonyooshwa, miguu yake ikiwa upande wa njia, akarudi zake kwa Emmot.